Makavazi ya chuo yako wazi, mbona sisi wa historia hatuingii?

#1 JaladaKuukuu
Wakuu, salamu. Niko mwaka wa pili, shahada ya historia. Chuoni kwetu kuna makavazi, yaani hifadhi ya nyaraka za zamani, na kijumba cha makumbusho, vyote bure kwa mwenye kitambulisho cha mwanafunzi. Chumba cha kusomea kina viti vya kutosha darasa zima, lakini siku nyingi tunakuwa wawili tu, mimi na mtunza nyaraka. Tukipewa kazi, watu wanagombania nakala moja ya kitabu kule maktaba kuu, huku barua, mihtasari ya vikao, ramani na picha zimelala ghorofa ya chini.

Dai langu ni hili: katika masomo yetu hakuna raha inayozidi kufungua jalada usilojua lina nini. Hivi karibuni niliagiza jalada la ujenzi wa mabweni nikitegemea michoro na hesabu za saruji. Nikakuta mfululizo wa barua za wanafunzi wa zamani wakilalamikia taa kuzimwa mapema, na majibu ya mlezi wa bweni yanayozidi kuwa mafupi. Jibu la mwisho ni "Hapana", na sahihi. Nilicheka mpaka mtunza nyaraka akainua macho.

Sasa mbona hatuingii? Ni uvivu, ni woga, au hii raha naiona mimi peke yangu?

#2 SinaHaraka
Ni uvivu. Uzi ufungwe.

#3 BintiWino
@SinaHaraka si uvivu, ni mlango. Mimi nilifika pale nikaambiwa acha begi, acha chupa ya maji, acha kalamu ya wino, kisha jaza fomu na ueleze "madhumuni ya utafiti". Mwaka wa kwanza madhumuni nayatoa wapi? Nilitaka kuona tu. Nikaandika uongo, nikaletewa boksi la mambo nisiyoyaelewa, nikakaa nalo kwa heshima, nikaondoka. Kule makumbusho hakuna anayeniuliza kwa nini nimekuja. Naingia, nazunguka, natoka. Ndiyo maana makumbusho naipenda na makavazi nayakwepa.

#4 MkutubiMstaafu
Vijana, mimi nimekaa upande wa pili wa hiyo meza kwa miaka mingi, niwafafanulie. Penseli inafutika, wino haufutiki, na msomaji aliyezama kwenye hati hajui mkono wake umegusa wapi. Maji yanaeleweka. Begi ni kwa sababu waliowahi kuondoka na ramani na barua za watu maarufu walikuwa wasomi wenye adabu zao, si vibaka.

Masharti haya hayakuanza jana. Maktaba ya Bodleian pale Oxford ilifunguliwa 1602, na hadi leo msomaji mpya anatamka kiapo kwamba hataingiza moto wala kuwasha chochote ndani.

Kuhusu fomu: andika "kujifunza kutumia makavazi". Sijawahi kumkatalia mtu kwa sentensi hiyo. Tena tulikuwa tunafurahi, maana aliyekuja kujifunza anasikiliza.

#5 PenseliButu
Shikamoo mzee. Na zile glavu nyeupe je? Kwenye filamu kila anayeshika hati ya kale amezivaa.

#6 MkutubiMstaafu
Marahaba. Filamu ziache. Kwa karatasi, nawa mikono, ikaushe vizuri, basi. Glavu ya pamba inakunyima hisia za ncha za vidole. Unapogeuza ukurasa uliokauka hujui umeshika moja au tatu, na nyuzi zake zinanasa kwenye kingo zilizochanika. Glavu tunazitoa kwa picha, negativu na vitu vya chuma, kwa kuwa jasho la kidole huacha alama isiyotoka.

#7 SinaHaraka
Kumbe nusu ya heshima niliyokuwa nayo kwa wanahistoria ilitokana na glavu.

#8 UstadhWaTarehe
Tusipotee. @BintiWino analaumu mlango, mimi nalaumu mtaala. Kazi inatolewa leo, inakusanywa baada ya wiki mbili, na mhadhiri anataka marejeo kutoka orodha aliyoitoa mwenyewe. Jalada moja linaweza kukumalizia mchana mzima likakupa sentensi moja. Mwanafunzi mwenye akili timamu anapiga hesabu na kwenda kwenye vitabu. Huo si uvivu wala woga.

Ushahidi wangu: mhadhiri mmoja alitupeleka makavazini darasa zima. Kila mtu akapewa karatasi moja isiyo na maelezo yoyote. Maswali yakawa: nani kaandika, kamwandikia nani, na kwa nini kuna aliyeona inafaa kutunzwa? Alama zilikuwepo. Siku hiyo viti havikutosha, na baada ya muhula kuisha kuna waliokuwa bado wanarudi. Wanafunzi ni walewale, kilichobadilika ni swali.

#9 BintiWino
Hilo la "kwa nini ilitunzwa" nimelipenda. Karatasi yako ilikuwa ipi?

#10 UstadhWaTarehe
Orodha ya vitu vilivyopotelea dobi. Shuka, soksi, kofia moja. Nilikasirika kwanza, wenzangu wamepata barua zenye mihuri. Halafu nikaona mbele ya kila jina kumeandikwa fani anayosoma na bweni analolala. Kwa orodha ya soksi unapata nani alikaa bweni moja na nani, na fani zipi zilikuwa na watu wachache. Mwenye barua ya muhuri alimaliza mapema kuliko mimi.

#11 Mwanagenzi_2
Natia nanga hapa. Kwangu mimi tatizo ni katalogi. Unatafuta "wanawake", hakuna. Unatafuta "michezo", hakuna. Unaambiwa "Ofisi ya Msajili, kasha la 14, Mengineyo". Nani atakaa na Mengineyo?

#12 KashaLaNne
@Mwanagenzi_2 Mengineyo ndiyo utamu wenyewe! Kila ambacho karani hakujua akiweke wapi kimo humo.

Ila nikupe siri ya kazi. Maktaba hupanga vitabu kwa mada. Makavazi hupanga karatasi kwa ofisi iliyozizalisha, na kwa mpangilio uleule ulioachwa na ofisi hiyo. Hilo la kupanga kwa ofisi Ufaransa waliliwekea agizo mwaka 1841, na makavazi mengi duniani yakafuata. Kwa hiyo usiulize "wanawake wako wapi". Jiulize ni ofisi gani ililazimika kuandika juu yao: mlezi wa mabweni, zahanati, kamati ya nidhamu, ofisi ya mikopo. Ukianza kufikiri kama karani wa zamani, katalogi inafunguka. Nusu ya raha yangu ni huo upelelezi, kabla hata sijafungua kasha.

#13 Mwanagenzi_2
Ahsante. Hili lilipaswa kuwa mhadhara wa kwanza.

#14 UstadhWaTarehe
@Mwanagenzi_2 ndiyo maana nikasema mtaala.

#15 KompyutaMpakato
Nyinyi nyote mnazunguka. Watu hawaendi kwa sababu hakuna haja. Vitu vya maana vimeshapigwa picha, viko mtandaoni, unakuza herufi hadi uone nyuzi za karatasi. Kukaa chumba cha baridi na penseli ni ibada tu.

#16 KashaLaNne
@KompyutaMpakato "vya maana" kwa uamuzi wa nani? Kinachopigwa picha ni kile ambacho tayari kuna mtu anakijua. Makasha mengi hata katalogi yake haijakamilika, sembuse picha.

#17 UstadhWaTarehe
Kisa cha Chuo Kikuu cha Birmingham kinajibu hili. Wana mkusanyo wa hati za Mashariki ya Kati ulioletwa na Alphonse Mingana miaka ya 1920 kwa fedha za Edward Cadbury, yule wa ukoo wa chokoleti. Ndani yake kulikuwa na kurasa mbili za ngozi zenye aya za Kurani, zimejalidiwa pamoja na kurasa za msahafu mwingine, na kwa miongo mingi zikahesabiwa kuwa kitu kimoja. Aliyegundua mwandiko haulingani ni mwanafunzi wa udaktari, Alba Fedeli, aliyekaa nazo na kuzitazama. Zikapelekwa kupimwa kaboni, na 2015 chuo kikatangaza: kati ya 568 na 645. Maana yake ziliandikwa zama za Mtume au muda mfupi baada yake. Zilikuwa kwenye rafu ya chuo muda wote huo!

#18 ChakiNaUbao
@UstadhWaTarehe umekwenda mbio hapo mwisho. Kipimo cha kaboni kinatoa umri wa ngozi, yaani mnyama alikufa lini. Hakisemi wino uliwekwa lini. Ngozi huweza kukaa kabla ya kuandikwa, na wataalamu wa mwandiko hawakukubaliana wote kuhusu tarehe ya maandishi yenyewe. Kisa ni kizuri, usikinyooshe kupita kiasi.

#19 UstadhWaTarehe
Sawa, ngozi. Hoja ya macho ya mwanafunzi iko palepale.

#20 KompyutaMpakato
Na angeweza kuiona hiyo tofauti ya mwandiko kwenye kioo cha kompyuta yake, akiwa amelala kitandani.

#21 BintiWino
Angeona mwandiko, lakini je, mshono wa jalada? Upande wa nyuma? Mwaka huu nimeshika barua ambayo mbele ni pongezi za kupandishwa cheo, nyuma mpokeaji kafanya hesabu ya madeni yake. Aliyeipiga picha alipiga mbele tu.

(Ndiyo, nimerudi makavazini. Niliandika ile sentensi ya mzee kwenye fomu. Sikuulizwa lolote.)

#22 MkutubiMstaafu
😊

#23 MtuWaPembeni
Samahani niharibu sherehe. Mnaongea raha, raha, raha. Mimi niliacha kwenda kwa sababu nyingine kabisa: watu wangu hawamo. Makavazi ya chuo ni karatasi za wakuu wa chuo. Mpishi, mfagizi, mlinzi wa lango utawaona mara mbili, wakigoma na wakifa. Unasoma makasha kumi unajua mkuu alipenda chai ya namna gani, humjui hata jina la aliyeipika. Makumbusho ndiyo usiseme: kabati zima la vioo, maelezo yanamtaja aliyekileta kitu, aliyekitengeneza ni "fundi asiyejulikana".

#24 KashaLaNne
Hoja nzito, na sitaipuuza. Ila mpishi yumo kwenye daftari la mishahara, likizo ya ugonjwa, madai ya sare. Kiduchu kiduchu unamuunganisha.

#25 MtuWaPembeni
@KashaLaNne unamuunganisha kwa lugha ya aliyemlipa. Yeye mwenyewe hajasema kitu hapo.

#26 ChakiNaUbao
Hapo ndipo mwanahistoria anachukua kinasa sauti na kwenda kuwahoji wazee, na mahojiano hayo yakiwekwa makavazini yanakuwa sehemu ya makavazi. Ila niongezee upande wa makumbusho, maana wanafunzi si watazamaji tu. Jesus College, Cambridge walikuwa na jogoo wa shaba kutoka ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, mojawapo ya vitu vilivyoporwa na jeshi la Uingereza 1897. Mzazi wa mwanafunzi alikizawadia chuo 1905. Jogoo akakaa ukumbini watu wakila mbele yake. Mwaka 2016 wanafunzi wakapiga kura arudishwe, akaondolewa ukumbini, na Oktoba 2021 akakabidhiwa rasmi kwa Wanigeria. Siku iliyofuata Chuo Kikuu cha Aberdeen kikakabidhi kichwa cha shaba cha Oba, yaani mfalme wa Benin, walichokinunua mnadani 1957. La jogoo lilianzia kwa watu wa rika letu kusoma kibandiko na kuuliza "kilifikaje hapa?"

#27 SinaHaraka
Kwa hiyo jogoo alishuhudia milo zaidi ya miaka mia bila kupewa hata punje. Kesi ya haki za binadamu hiyo.

#28 MtuWaPembeni
😂 Sawa, hilo limenichekesha. Ila tazama: raha ya hapo ni ya kurudisha. Mwenzetu wa posti ya kwanza anasifia raha ya kufungua.

#29 JaladaKuukuu
Nafuatilia wakuu, ahsanteni. @MtuWaPembeni sioni zinapogombana. Bila aliyefungua jalada la mapokezi, nani angejua ni zawadi ya 1905?

#30 PenseliButu
Kuna pia vitu ambavyo chuo kinadaiwa kuvificha kwa maslahi ya siasa. Yule kifaru wa dhahabu wa Mapungubwe, Afrika Kusini, yuko Chuo Kikuu cha Pretoria. Alipatikana miaka ya 1930 kwenye kaburi juu ya kilima: mwili ulikuwa wa mti, ukavikwa bati jembamba la dhahabu lililoshikizwa kwa vimisumari vya dhahabu. Ufalme wa karne ya 13, wenye biashara hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Sasa fikiria serikali ya kibaguzi inayofundisha kwamba Waafrika hawakuwa na ustaarabu kule. Makumbusho ya kudumu ya kuonyesha mkusanyo huo yalifunguliwa 2000.

#31 KompyutaMpakato
Hili sikulijua. Kifaru huyo yupo mtandaoni?

#32 PenseliButu
Picha zipo tele. Ila kila anayemwona anasema alimdhania mkubwa. Anaenea kiganjani.

#33 MpendaVioo
Nimeona makumbusho yanasemwa kidogo sana humu. Niwatetee. Makumbusho ya vyuo ndiyo ya kwanza kabisa duniani kufungulia watu mlango: Ashmolean, Oxford, 1683. British Museum ilifunguliwa 1759, miaka 76 baadaye. Walianza na makabati ya vioja, akiwemo dodo, yule ndege aliyetoweka duniani.

#34 ChakiNaUbao
Nyongeza ndogo: Basel, Uswisi, walitangulia. Mji na chuo chake walinunua mkusanyo wa ukoo wa Amerbach 1661, ukafunguliwa kwa umma 1671.

#35 MpendaVioo
Mkusanyo wa picha za kuchora, vitabu na sarafu. Ashmolean ilikuwa na jengo lililojengwa makusudi kuwa makumbusho, na maabara chini yake.

#36 ChakiNaUbao
Ukiongeza vigezo hutashindwa kamwe.

#37 SinaHaraka
Wanahistoria wawili, tarehe mbili. Leteni mkeka. Na huyo dodo je?

#38 MpendaVioo
Amebaki kichwa na mguu, siku hizi yuko makumbusho ya elimu ya viumbe palepale Oxford. Ilisimuliwa kwa muda mrefu kwamba ndiye yule dodo aliyekuwa akionyeshwa hai London 1638, maskini akafa ugenini. Mwaka 2018 kichwa kikapigwa picha za mionzi, yakaonekana marisau. Alipigwa bunduki kisogoni. Simulizi la upole likafia hapo. Ndiyo raha yangu mimi: kitu kimoja kukaa kabatini karne tatu na ushee, kila mtu anakijua, halafu kinafungua mdomo.

#39 BintiWino
Sasa umenitia hamu ya kurudi kule kwetu kutazama upya vile vitu nilivyovizoea.

#40 KashaLaNne
Ukirudi, omba kuona daftari la mapokezi. Kibandiko kina maneno ishirini, daftari lina nani alileta, lini, kwa bei gani, na wakati mwingine malalamiko. Kwa mwanafunzi wa historia daftari ni tamu kuliko kitu chenyewe.

#41 MpendaVioo
@KashaLaNne unaona sasa? Watu wa karatasi hamuwezi kukaa na kitu bila kutaka karatasi yake.

#42 Mwanagenzi_2
Nje ya mada kidogo. Hati za Kiswahili zenyewe ziko vyuo gani? Nilisikia ya zamani kuliko zote ni Utendi wa Tambuka, 1728, iko Chuo Kikuu cha Hamburg.

#43 ChakiNaUbao
Huo ni katika tungo. Kwa maandishi ya Kiswahili kwa ujumla kuna barua za Kilwa za 1711, kwa herufi za Kiarabu, zilizopelekwa kwa Wareno wa Msumbiji. Ziko makavazi ya Goa, India. Mkusanyo mkubwa wa miswada uko SOAS, chuo cha masomo ya Afrika na Asia kule London, na mingi imewekwa mtandaoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina miswada, na karatasi za Hans Cory, mtafiti wa mila wa enzi za ukoloni, ziko hapo pia, kwenye mkusanyo wa East Africana.

#44 MtuWaPembeni
Barua za Kilwa zipo India kwa sababu ya Wareno, utendi upo Ujerumani kwa sababu ya Wajerumani. Halafu mtaniuliza kwa nini raha yangu ina ndimu.

#45 KompyutaMpakato
Na hapo ndipo kioo cha kompyuta yangu kinaposhinda. Mimi Goa siendi.

#46 KashaLaNne
Hapo nakupa. Na si kwa umbali tu. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za mkusanyo wa Afrika. Milango ya kuzuia moto ilijifunga, stoo za chini zikanusurika na moto, zikaingiwa na maji. Wanafunzi na watu wa kujitolea walipanga mistari wakitoa makreti mkono kwa mkono. Kilichokuwa kimepigwa picha kabla, angalau sura yake ipo.

#47 MkutubiMstaafu
Niliposikia habari ile sikulala. Ila, kijana wa kompyuta, faili nazo hufa. Nina disketi za ofisi yangu ya zamani ambazo hakuna mashine ya kuzisoma jengo zima. Karatasi za mtangulizi wangu, zilizo na umri mara mbili ya hizo disketi, zinasomeka kwa taa ya kawaida.

#48 JaladaKuukuu
Hilo limenigusa kwingine. Serikali yetu ya wanafunzi inafanya kila kitu kwenye kundi la simu. Matangazo, ugomvi, uchaguzi. Atakayekuja miaka hamsini ijayo kutafuta sisi tuliishije atakuta nini? Wale wa taa za bweni waliandika barua. Sisi tumefuta jumbe ili kupata nafasi ya video.

#49 SinaHaraka
Mimi nilizofuta zilistahili.

#50 UstadhWaTarehe
Na barua za bweni zilibaki kwa kuwa mlezi alikuwa mkaidi wa kutunza, si kwa kuwa wanafunzi walizipeleka. Mtu fulani lazima abebe.

#51 MtuWaPembeni
Basi tubebe. Mimi nina mabango ya mgomo wa mwaka jana na picha walizopiga wafanyakazi wa jikoni wenyewe, si ofisi. Makavazi yetu yatazipokea?

#52 MkutubiMstaafu
Yatapokea, na kama hawajui thamani yake wakumbushe kwa upole. Mambo mawili. Dai hati ya makabidhiano inayosema nani aruhusiwe kuona na kuanzia lini, maana waliomo kwenye picha za mgomo bado wana kazi za kulinda. Pia andika nani yuko kwenye kila picha kabla hujakabidhi. Nyuma, kwa penseli laini, pembeni.

#53 MpendaVioo
Mzee, karatasi za picha za siku hizi zina utando wa plastiki, penseli inateleza. Afadhali aziweke kwenye bahasha moja moja na aandike juu ya bahasha.

#54 MkutubiMstaafu
Kabla ya kuingiza picha, lakini. Ukiandika ikiwa ndani, maandishi yanachapa.

#55 MtuWaPembeni
Naenda kutafuta bahasha. Nani anamjua yule mama wa kulia aliyeshika sufuria? Hakuna aliyeandika jina lake, na jikoni wananipa majina mawili tofauti.